DAVID LIVINGSTONE, MTOTO WA KIWANDA CHA PAMBA ALIYEFIKA NYANGWE

Imeandikwa na kiongozi wa wanafunzi, darasa la sita



Sisi wa darasa la sita tuliombwa kuandika, kila mmoja kwa zamu yake, maisha ya mtu mkubwa wa zamani. Mwenzangu mmoja amekwisha kuandika juu ya Lumumba, mwingine anatengeneza habari ya Simon Kimbangu. Mimi nimechukua David Livingstone. Najua wengine watacheka na kuuliza kwa nini mzungu tena. Lakini mzungu huyu alikaa hapa hapa Nyangwe karibu miezi mine, toka mwisho wa mwezi wa tatu mpaka tarehe 20 ya mwezi wa saba mwaka wa 1871. Mbele ya kufika hapa alilala mgonjwa miezi mingi kule Kabambare. Alikunywa maji ya Lualaba yetu, na jambo aliloliona kwenye soko la Nyangwe lilisomwa katika dunia nzima.

Tena iko sababu nyingine. Mbele ya kuwa mzee mwenye masharubu na kofia kama tunavyomwona kwenye picha, Livingstone alikuwa mwanafunzi maskini. Juu ya safari zake vitabu ni vingi, lakini juu ya namna alivyosoma watu wanapita mbio mbio tu. Mwaka huu darasani mwetu viti vitatu viko wazi, wenzetu wameenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila. Siwatukani, kila mtu anajua hali ya nyumba yake. Ila ndiyo sababu nilitaka kujua mtoto wa maskini alifanya namna gani ili asiache masomo.

Alizaliwa tarehe 19 ya mwezi wa tatu 1813 kwenye kijiji cha Blantyre, inchi ya Scotland, kando ya mto Clyde. Baba yake aliitwa Neil, mtu wa sala sana, kazi yake kuuza chai nyumba kwa nyumba. Mama yake aliitwa Agnes. Walizaa watoto saba, wawili wakafa wangali wadogo. Jamaa yote ilikaa katika chumba kimoja, ndiyo, kimoja tu, ndani ya nyumba ndefu ya kampani ambamo jamaa 24 zilipanga. Kampani hiyo ilikuwa na kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba. Kwetu sisi wa Maniema neno pamba linakumbusha mambo ya babu zetu, maana wakati wa Wabelgiji walilazimishwa kuilima, na yule asiyelima alijua kitakachompata. Kumbe miaka mia moja mbele yao, ng'ambo ya bahari, pamba ilikuwa inakula watoto wa wazungu pia.

David aliingia kiwandani mwaka wa 1823 akiwa na miaka kumi. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zinazokatika. Alipaswa kuzunguka mashine bila kupumzika, mara ameinama, mara ametambaa chini yake, juu mtoto anaweza kupita fasi ambapo mkubwa hawezi. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi, ikaisha saa mbili usiku, na nafasi ya kula katikati. Pigeni hesabu wenyewe. Kutoka hapo mtoto mwingine angeenda kulala. Kampani iliweka masomo ya usiku toka saa mbili mpaka saa ine, na David alienda. Na wale walioenda hawakuwa wengi, maana nguvu zilikuwa zimekwisha.

Kwa mshahara wa juma la kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Mimi niliposoma hivyo nilishangaa. Mtoto wa miaka kumi, nyumba ya chumba kimoja, na anunue Kilatini! Hakuna aliyemwambia Kilatini kitampatia chakula. Alikiweka kitabu juu ya mashine, na kila alipopita mbele yake alisoma mstari mmoja, akaendelea na kazi huku anauzungusha katika kichwa, akipita tena anachukua mwingine. Mashine zilikuwa zinalia vikali, lakini alijizoeza mpaka kelele haikumsumbua. Baadaye hapa Afrika aliweza kuandika katikati ya watoto wanaocheza na watu wanaopiga ngoma, na mwenyewe alisema alilipata jambo hilo kiwandani. Nyumbani alisoma mpaka saa sita ya usiku, au kupita, mpaka mama yake anakuja kumnyang'anya kitabu na kuzima taa.

Hapa nataka kusimama kidogo juu ya yule mwalimu wa usiku. Sehemu ya mshahara wake ililipwa na kampani, na wanafunzi walitoa makuta kidogo tu. Usiku walikuja kwake watoto wenye nyuzi za pamba kwenye nywele, wanaosinzia juu ya meza. Angeweza kuwaandikia zoezi kwenye ubao na kukaa. Angalau Livingstone alipokuwa mkubwa aliandika kwa shukrani kwamba masomo yale yalikuwa na bei nafuu na mwalimu alikuwa mwangalifu, na kwamba angependa watoto wote wa maskini wapate masomo ya namna ile. Wanafunzi wa darasa la sita mnajua ninafikiri nani. Yuko mwalimu wetu mmoja wa hesabu anayerudi mangaribi na taa yake ya petroli, bila mtu kumlipa saa hizo, ili atuandae kwa egizameni ya taifa. Sitaji jina lake, yeye hapendi.

Pamoja na baba yake mambo hayakuwa marahisi. David alipenda vitabu vya safari na vya sayansi, alizunguka kwenye mashimo ya mawe kutafuta maganda ya konokono yaliyogeuka mawe. Baba aliona hayo yote ni adui wa imani, alitaka asome vitabu vya dini tu. Siku moja mtoto alikataa kabisa kusoma kitabu kimoja cha dini alichopewa, akachapwa fimbo, na ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuchapwa na baba yake. Miaka ilipita wakiwa hivyo. Kisha akapata kitabu cha Thomas Dick, mtu wa Scotland mwenye kujua nyota na mwenye kumwamini Mungu, kilichoonyesha kwamba dini na sayansi hazipigani. Moyo wake ukatulia. Wazazi wetu wengine vilevile wanaogopa tutakapojifunza biolojia tutaacha kusali. Ningefurahi wasome habari hii.

Karibu mwaka wa 1834 alisoma barua ya Gützlaff, mmisionari wa China, iliyoomba waganga wa kwenda kule. Basi akakata shauri kuwa mganga. Lakini kusomea uganga ni franka! Alikuwa amepandishwa kazi, sasa ni msokotaji kamili mwenye mshahara zaidi. Akafanya hivi: wakati wa jua anafanya kazi kiwandani na kuweka akiba, wakati wa baridi anaenda kusoma Glasgow, akiba ikiisha anarudi kiwandani.

Mwaka wa 1836, katika theluji, baba na mwana walitembea kwa miguu toka Blantyre mpaka Glasgow, ni kama kilometa 13, kutafuta chumba cha kupanga. Angalieni, ni baba yule yule wa fimbo. Walizunguka siku nzima juu vyumba vingi vilikuwa vya bei kali. Mwishoni wakapata kimoja cha shilingi mbili kwa juma. Baada ya siku chache David akaona chai yake na sukari yake vinapungua katika kikopo, akahama, akalipa shilingi mbili na nusu ili sukari yake ikae salama. Wale wanaokaa katika homu yetu wataelewa jambo hili bila kufasiriwa.

Kwenye Anderson's College alisoma uganga na kemia, na kwenye Universite ya Glasgow alifuata Kigiriki. Huko alifahamiana na kijana mmoja, James Young, aliyekuwa msaidizi wa mwalimu wa kemia. Young alikuwa na chumba chenye vyombo vya mbao na vya chuma, akawaonyesha wenzake kufanya kazi kwa mikono, na urafiki wao haukukatika mpaka kufa. Ni huyu Young baadaye aliyegundua njia ya kutoa mafuta ya taa katika makaa ya mawe, akatajirika kabisa, Livingstone akamtania kwa kumwita Bwana Parafini. Utajiri huo ulisaidia safari za rafiki yake.

Mwaka wa 1838 Chama cha Misioni cha London kilimpokea kwa majaribio, kikamtuma kwa Mchungaji Richard Cecil kule Ongar, karibu na London, kujifunza kuhubiri. Hapo ndipo karibu aanguke. Siku moja alitumwa kuhubiri kijijini kwa zamu ya mchungaji mgonjwa. Alisimama, akasoma aya yake polepole, kisha kila kitu kikatoka katika kichwa. Hotuba aliyoishika kwa moyo ikapotea. Akawaambia watu kwa kifupi kwamba amesahau yote, akatoka mlangoni mbio. Katika sala za jamaa alikuwa akigugumia. Cecil aliandika ripoti isiyo nzuri, na wakubwa wa Chama walitaka kumrudisha nyumbani. Mmoja wao akaomba apewe miezi mingine. Akapewa. Kwa ombi la mtu mmoja tu, ndani ya mkutano ambao yeye hakuwemo!

Mwezi wa kumi na moja 1840 alifanya mtihani wa uganga Glasgow. Hata pale alibishana na wakubwa waliomwuliza, juu ya ile kipande cha kusikilizia kifua kilichokuwa bado kitu kipya, na mtihani ukawa mrefu na mkali kuliko kawaida. Alishinda. Siwashauri wadogo wa darasa la kwanza kufanya vile.

China hakwenda, sababu vita ya afyuni ilikuwa imeanza kule. Alionana na Robert Moffat, mmisionari wa Kuruman katika Afrika ya Kusini, ambaye alimweleza habari ya vijiji vingi vya kaskazini ambavyo hakuna mwalimu aliyefika. Basi akapanda meli mwezi wa kumi na mbili 1840. Ndani ya meli hakulala tu. Alimwomba kapiteni amfundishe kupima jua na nyota kwa chombo ili kujua meli iko wapi juu ya ramani. Miaka kumi na miwili baadaye aliketi tena kama mwanafunzi mbele ya Thomas Maclear, mkubwa wa nyumba ya nyota kule Cape Town, akafundishwa upya na vizuri zaidi. Kwa hiyo mahali alipoweka mito na vijiji kwenye ramani mara nyingi palikuwa sawa.

Alifika Kuruman mwezi wa saba 1841. Kisha akajitenga na wazungu wote miezi sita, akakaa kati ya Wakwena, ili ajifunze Kitswana, na walimu wake walikuwa wanakijiji. Pale Mabotsa, mwaka wa 1844, simba alimrukia akavunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Aliyemwokoa ni Mebalwe, mwalimu wa Kiafrika aliyefanya kazi pamoja naye, ambaye alielekeza bunduki kwa simba, na simba akamwacha Livingstone na kumrukia yeye. Shikeni habari ya ule mkono, tutaionana nao tena. Mwaka wa 1845 alioa Mary, binti wa Moffat, ambaye alikuwa amezaliwa Afrika na alijua Kitswana kupita bwana wake.

Mwanafunzi wake wa ajabu alikuwa Sechele, mfalme wa Wakwena. Siku ya kwanza alipoona alfabeti aliishika yote siku ile ile. Baadaye alisoma Biblia kwa bidii mpaka akawa na unene wa mwili, juu aliacha kuwinda. Alibatizwa mwaka wa 1848, miezi michache nyuma akaanguka katika dhambi na mmoja wa wake aliowaacha, Livingstone akamtenga na meza ya Bwana na akahesabu kazi yake imekufa. Hapa naona mwalimu alikosa subira. Sechele aliendelea kuwafundisha watu wake kusoma na kusali miaka na miaka, wamisionari waliokuja baadaye wakakuta watu wanaojua Neno mahali ambapo mzungu hakuwahi kukaa.

Safari zake kubwa nitazipita haraka, tunazo katika masomo ya jiografia. Toka 1853 mpaka 1856 alikata Afrika kutoka katikati mpaka Luanda, kisha toka Luanda mpaka Quelimane kwenye bahari ya Hindi. Wamakololo 27 wa mfalme Sekeletu walimsindikiza mpaka Luanda. Kule meli za Waingereza zilikuwa tayari kumrudisha kwao, naye alikuwa mgonjwa sana, akakataa kwa sababu alikuwa amewaahidi wale watu kuwarudisha nyumbani. Mwezi wa kumi na moja 1855 alionyeshwa Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya mto Zambezi, akayapa jina la malkia wake. Kwao walimpokea kama jemadari.

Lakini tusimtengeneze malaika. Safari ya Zambezi toka 1858 mpaka 1864 iliharibika. Aligombana na wazungu wenzake, hakujua kuongoza watu wa taifa lake, wamisionari waliokuja kwa maneno yake wakafa kwa homa. Mke wake alimfuata akafa Shupanga mwezi wa ine 1862. Watoto wake walikulia mbali naye, na mwana wake wa kwanza, Robert, alikufa mwaka wa 1864 katika vita ya Wamarekani. Livingstone alisikitika kwamba hakucheza nao walipokuwa wadogo. Mtu aliyefundisha watoto wa wengine alikosa nafasi ya kuwafundisha wake mwenyewe.

Mwaka wa 1866 alirudi kutafuta chanzo cha mto Nile. Pamoja naye walikuwa vijana waliokombolewa katika utumwa, wengine walisomeshwa kwenye shule ya Nasik huko India. Wengi walimkimbia njiani. Mwanzo wa 1867 sanduku la dawa likaibwa, na mganga bila dawa ni mgonjwa kama wengine. Alifika kwetu Maniema mwaka wa 1869. Katikati ya 1870 walibaki kwake watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Vidonda vya miguu vikamlaza Kabambare toka mwezi wa saba 1870 mpaka mwezi wa pili 1871. Katika wakati wake wa Maniema alisoma Biblia yote mara ine.

Hapa Nyangwe alijenga nyumba ndogo, akatafuta mtumbwi wa kushuka Lualaba, hakupata. Watu wa mto walimwogopa, wakamwona sawa na wafanya biashara wenye bunduki, na hawakuwa na kosa kufikiri hivyo, juu yeye mwenyewe alisafiri pamoja nao na kula chakula chao. Karatasi ilikwisha, wino ulikwisha. Akachukua gazeti la zamani la London, akaandika juu ya maneno yaliyopigwa chapa, kwa upande, na wino aliotengeneza kwa mbegu za mti wa hapa. Wino huo ulififia mpaka haukusomeka. Mwaka wa 2011 wataalamu wa Marekani na Uingereza walipiga picha zile karatasi kwa mwanga wa rangi mbalimbali na maneno yakatokea tena. Waliona kwamba aliyoandika hapa ni makali na hayakupangwa sawa kama kile kitabu kilichochapwa baada ya kufa kwake, hasa juu ya tabia ya watu wake mwenyewe.

Soko la Nyangwe alilipenda. Siku moja alikadiria watu 3000, wengi wanawake, na vyungu, samaki, kuku, chumvi, mihogo, mafuta ya mawese, vikwembe vya majani. Alikaa akisikiliza wanavyobishana bei na kucheka. Mama zetu wangali wanafanya hivyo hivyo.

Tarehe 15 ya mwezi wa saba 1871 walikuja sokoni kama watu 1500, ingawa upande wa pili wa mto vijiji vilikuwa vinawaka moto. Watu watatu wa Dugumbe, mfanya biashara mkubwa, waliingia na bunduki. Livingstone aliona vibaya, bunduki haiingizwi sokoni, lakini joto lilikuwa kali, akaanza kwenda zake. Yalitokea maneno juu ya bei ya kuku. Kisha bunduki zikalia. Watu wakatupa vitu, wakakimbilia mitumbwi kwenye kijito, mitumbwi ikazuiana, wengine wenye bunduki wakawapiga kutoka karibu na kijito. Wakajitupa majini kuelekea kisiwa kilicho mbali, vichwa vikaonekana mstari mrefu, kimoja kimoja vikapotea. Wafanya biashara wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake, Dugumbe akamzuia. Dugumbe huyo huyo alituma mtumbwi ukaokoa watu 21 katika maji.

Nimeandika hapa kwa uangalifu. Darasani mwetu tunakaa wana wa Wangwana na wana wa Wagenya, Wakristo na Waislamu, na mara nyingine katika mpira mtu akikasirika anamrushia mwenzake maneno ya babu zao. Waliokufa siku ile walikuwa watu wa hapa, na wengi wetu tuna damu ya pande zote mbili. Anayetaka kutumia habari hii kwa matusi asinitaje mimi.

Siku tano nyuma yake Livingstone aliondoka. Njiani watu wa msituni walimtupia mikuki wakidhani ni mmoja wa wauaji. Alifika Ujiji mwezi wa kumi akiwa mifupa tu, akakuta mali yake imeuzwa. Mwezi wa kumi na moja Stanley akamkuta. Barua zake juu ya Nyangwe zilichapwa mwaka wa 1872, zikawachoma watu moyo, na tarehe 5 ya mwezi wa sita 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar akalazimishwa kutia sahihi ya kufunga soko la watumwa. Livingstone hakuisikia habari hiyo. Wala hakujua kwamba Lualaba si Nile. Alikosea mpaka mwisho, pamoja na nyota zake zote, na ni Stanley aliyeondoka Nyangwe mwaka wa 1876 na kutoka baharini mwaka wa 1877 aliyeonyesha kwamba ndio mto Kongo.

Alikufa mwanzo wa mwezi wa tano 1873 kijijini kwa Chitambo, katika inchi ya Zambia ya leo. Watu wake walimkuta asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda. Hakukuwa mzungu karibu, wangeweza kumzika na kwenda zao. Susi na Chuma wakafanya shauri: walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili juani, wakaufunga katika ganda la mti na kitambaa. Nani atasoma sala ya maziko? Alikuwako Jacob Wainwright, kijana Myao aliyenunuliwa na kuuzwa alipokuwa mtoto, kisha akasomeshwa Nasik. Yeye alisoma sala, akachonga kwenye mti jina la marehemu na tarehe, akaandika orodha ya vitu vyake vyote ili visipotee.

Walibeba mwili kilometa zaidi ya 1500. Tabora walikutana na Cameron, mzungu, akawashauri wamzike pale. Walikataa. Bagamoyo walifika mwezi wa pili 1874. London waganga walifungua kitambaa, hawakuweza kumtambua kwa uso, wakatazama mfupa wa mkono wa kushoto, wakaona pale simba wa Mabotsa alipovunja. Tarehe 18 ya mwezi wa ine 1874 alizikwa Westminster Abbey, na kati ya waliosindikiza jeneza karibu kabisa alikuwa Jacob. Susi na Chuma walifika nyuma, maziko yamekwisha. James Young, yule wa mafuta ya taa, ndiye aliyelipa safari yao, nao wakakaa Uingereza wakimsaidia Horace Waller kusoma maandiko ya marehemu na kueleza majina ya vijiji na mito ambayo Waller peke yake asingeyaelewa.

Tumechora ramani ya safari yake toka Ujiji, Kabambare mpaka Nyangwe na kurudi, iko ukutani katika darasa la sita. Wadogo wa darasa la kwanza na la pili wanaweza kuja kuiangalia siku ya tano baada ya masomo. Mikono iwe safi, tafadhali, karatasi ya namna ile haipatikani tena hapa.